Bukavu kwa Maji na kwa Miguu

Kirotshe hakuna ukuta kati ya mtu na ziwa. Barabara itokayo Sake kwenda Minova inapita kando ya maji, na upande wake wa pili milima ya Masisi inapanda papo hapo. Asubuhi wanawake wanateka, watoto wanaoga, wavuvi wanaanika sambaza, na mgonjwa anayeletwa hospitali kuu ya Kirotshe kutoka vijiji vya juu huliona Ziwa Kivu kabla hajamwona muuguzi. Mtu aliyekulia ufukwe wa namna hii akifika Bukavu huwa na swali ambalo wenyeji wengi wa kule wamekwisha kuacha kuliuliza: ziwa lenyewe liko wapi?

Swali hilo si la kitoto. Bukavu imejengwa juu ya rasi tano zilizoingia ziwani, na kwenye ramani maji yameuzunguka mji karibu kila upande. Lakini unaweza kutoka Nguba asubuhi, ukapita Ibanda yote, ukapanda Kadutu, na hadi jioni ziwa ukaliona vipande vipande tu: kati ya geti na geti, juu ya ukuta uliopandwa vioo, mwishoni mwa uchochoro wenye mlinzi. Ndiyo maana nashikilia kwamba mji huu lazima uonwe mara mbili, mara moja kutoka kwenye maji na mara moja kwa miguu. Anayefika na kuzunguka kwa gari tu atayaona maghorofa na mashimo ya barabara, kisha atadhani ameiona Bukavu.

Nilikwenda wakati wa kiangazi cha mwaka 2023. Barabara ya Sake ilikuwa bado inapitika, ingawa vita vilikuwa vimeshawashusha watu wengi kutoka Masisi, na kando ya njia ya kuingia Goma, kule Bulengo na Lushagala, maturubai meupe yalikuwa yamefunika mawe meusi ya volkano. Watu wa kwetu walikuwa humo. Abiria ndani ya gari walichungulia madirishani wakitaja majina ya vijiji vyao kwa sauti ya chini, kila mmoja akitafuta uso anaoujua.

Kipande hicho cha njia, kati ya Sake na Goma, kina historia ndefu kuliko mji wowote. Hapo Nyamulagira ilimwaga moto wake mwaka 1938, ukateremka hadi ziwani na kuifinya ghuba ya Kabuno, ile iliyoko mbele ya kwetu, hata ikabaki imeunganishwa na ziwa kubwa kwa mlango mwembamba tu. Mabondeni humo hutuama mazuku, hewa nzito itokayo ardhini, isiyoonekana, inayoua mbuzi na mara nyingine mtoto aliyeinama kuokota kitu. Lakini kazi kubwa zaidi volkano za Virunga ziliifanya zamani sana, maelfu ya miaka kabla ya mtu kuandika lolote: ziliziba njia ya maji. Mabonde haya yalikuwa yakitiririsha maji kwenda kaskazini, upande wa Nile. Milima ya moto ilipoinuka, maji yakakwama, yakapanda, yakajaza mabonde, hadi yakapata upenyo kusini, pale ilipo Bukavu leo. Upenyo huo ndio mto Ruzizi, unaoteremka mpaka Tanganyika. Kwa hiyo mtu anayetoka kwetu kwenda Bukavu kwa boti anafuata njia ile ile ambayo maji yenyewe yalilazimika kuitafuta, na mimi nilitaka kuifuata mpaka mwisho, pale ziwa linapogeuka kuwa mto.

Goma kuna kano za haraka zinazofika Bukavu kwa muda wa saa tatu hivi. Wafanyabiashara wanazipenda, nami siwalaumu. Nilipanda boti kubwa la mwendo wa pole, lenye shehena chini na abiria juu, kwa sababu katika kano unafungiwa kitini na injini inanguruma hadi usisikie la jirani. Kwenye boti kubwa watu wanatandika vitenge, wanafungua vyakula, wanaulizana ukoo. Chini kulikuwa na magunia ya viazi na maharagwe, magodoro, na katoni za jibini ya Masisi iliyonukia hadi sitahani. Nilidai jaketi la kuokolea, nikapewa, nikalivaa tangu kung'oa nanga. Mama mmoja alinicheka kidogo. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi, lililotoka Minova likiwa limejaa watu na vyakula kwa kuwa barabara ilikuwa imefungwa na vita, lilipinduka machoni pa watu karibu kabisa na gati la Kituku hapo Goma, na makumi ya roho zikapotea. Wengi wao ni watu wa pwani yetu hii. Tangu siku hiyo sijasikia mtu wa kwetu akimcheka anayevaa jaketi.

Ziwa lilikuwa tulivu. Kina chake kinazidi mita 480 mahali penye kilindi, na huko chini kabisa maji yameshika gesi nyingi sana, ya ukaa na ile iwakayo, ambayo tangu mwaka 2016 ng'ambo ya Rwanda wanaivuta na kuifanya umeme. Juu huoni dalili yoyote. Unachokiona ni mitumbwi ya wavuvi ikirudi kutoka kazi ya usiku, mitatu mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma, nyavu zikiwa zimekunjwa na taa zimezimwa. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami, aliyefanya kazi bandarini miaka mingi, alisema utotoni mwake sambaza hawakuwako. Ni kweli: samaki huyo aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni vigumu kufikiria chungu cha Kivu kisichomjua.

Kisiwa cha Idjwi kilikaa nasi upande wa kushoto kwa muda mrefu, migomba yake ikishuka hadi majini. Ukikitazama kilivyotulia hudhani kama kiligombaniwa. Lakini mwaka 1910 Wazungu watatu, Mbelgiji, Mjerumani na Mwingereza, walikaa mezani Ulaya wakagawana nchi hizi, Idjwi ikaangukia Ubelgiji; na Septemba 1914 vita vikuu vilipoanza Wajerumani walivuka wakaiteka. Wenyeji wa kisiwa hawakuulizwa mara zote mbili. Upande wa kulia milima ilizidi kuinuka, na mawingu yalipofunguka kidogo mzee akanionyesha kwa kidole: Kahuzi, mlima wa mita 3,308, wenye mbuga ya sokwe tangu mwaka 1970.

“Mama,” akaniambia baadaye, “tukikaribia usikae ndani. Nenda mbele, usimame. Bukavu haina adabu ya kumsubiri mtu aliyelala.”

Nilisimama mbele. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu aje kwa maji. Rasi zilitoka moja baada ya nyingine, La Botte, Nyalukemba, Muhumba, na juu yake nyumba za kale zenye baraza pana na bustani zinazoteremka kwa ngazi hadi kwenye gati dogo la mwenye nyumba. Katikati ya hizo za kale yamechomoza maghorofa mapya, vioo vya buluu na nguzo za plasta, mengine yakiwa yamekanyaga ndani ya ziwa lenyewe, kifusi kimemwagwa majini ili kiwanja kiongezeke. Kisha nyuma na juu, mbali na maji, mlima mzima umevikwa mabati: Kadutu. Hakuna kitabu kitakachoieleza historia ya mji huu upesi kuliko dakika zile chache za kuingia bandarini. Wabelgiji walijenga kituo hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1927 wakakiita Costermansville, kwa jina la Paul Costermans, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa utawala wao. Miaka ya 1950 mji ukarudishiwa jina la Bukavu. Lakini ule mpango wao wa awali, rasi na upepo wa ziwa kwa Mzungu, mlima na vumbi kwa mfanyakazi wake, umebaki wazi kabisa ukitazamwa kutoka majini. Kilichobadilika ni wenye nyumba tu, tena si wote.

Mtoto wa dada yangu mkubwa anasoma ISP, chuo cha ualimu, somo la jiografia. Alinipokea bandarini, akanyang'anya mkoba wangu, akasema, “Mama mdogo, miguu iko tayari?” Tukaanza siku iyo hiyo.

Avenyi Lumumba ndiyo uti wa Ibanda. Ukiweza kuinua macho juu ya pikipiki, mabango na meza za kubadilishia fedha, utaona nyumba za miaka ya kati ya vita viwili na za baada yake: pembe za duara, madirisha ya mviringo, kumbi za mbele zenye kivuli kilichopimwa na mafundi waliojua kazi. Nyingine zina nyufa za tetemeko la Februari 2008. Nyingine zimezibwa kwa vibanda hadi huwezi kuuona mlango. Mji huu una urithi wa ujenzi ambao miji mingi ya Kongo ingeuonea wivu, nao unaliwa kidogo kidogo, kibanda baada ya kibanda, bila mtu kupiga kelele. Mimi napiga. Nyumba hizi zilijengwa kwa jasho la watu wa mitaa ya Kadutu na Bagira. Aliyeziwekea ramani alikwenda zake, waliobeba mawe walibaki. Kuzitunza si kumtukuza mkoloni.

Kanisa kuu la Bikira Maria wa Amani tuliingia tukakaa kidogo kwenye ubaridi. Chuo cha Alfajiri, ambacho Wajesuiti walikianzisha mwaka 1938, tulikizunguka kwa nje, na ukubwa wake ulinifanya ninyamaze. Lakini mahali nilipotaka kufika ni Nyawera.

Nyawera ni njia panda yenye kelele, pikipiki zikigombea abiria, wauza mkate, askari wa barabarani. Hapo, tarehe 29 Oktoba 1996, aliuawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa. Wakubwa wa serikali na wa jeshi walikuwa wamekwisha kuondoka mjini, vita vikiwa malangoni, naye alikataa kuondoka. Kwa miezi mingi alikuwa ameandika na kusema hadharani juu ya wakimbizi waliojaa Kivu tangu 1994 na juu ya raia waliokuwa wakibanwa kati ya majeshi, akiomba nchi kubwa zisikie. Waliomuua walimkuta barabarani akihangaikia usalama wa watu wake. Kwetu upande wa Masisi jina lake hutajwa makanisani hadi leo. Nilisimama penye kumbukumbu yake huku watu wakinipita kwa haraka zao, na sikuona ubaya wowote katika haraka hiyo. Alikufa ili watu waendelee kupita hapo wakienda sokoni.

Mji huu umeingiwa na watu wenye bunduki mara nyingi mno. Agosti 1964 waasi wa Simba waliufikia, na Kanali Léonard Mulamba akawazuia. Uwanja mmoja mjini unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika tangu Agosti hadi Novemba, kisha wakavukia Rwanda. Vikaja vita vya 1996, vikaja vya 1998, Juni 2004 wakaja wanajeshi waasi wa Nkunda na Mutebutsi, na Februari 2025, wiki chache baada ya kuiteka Goma, waasi wa M23 wakaingia Bukavu. Kijana wangu alizitaja tarehe hizo za kabla ya 2025 anavyotaja vituo vya basi, hana hata daftari mkononi. Ana miaka ishirini na kitu.

Kupanda Kadutu ndiyo sehemu ya safari ambayo magoti yangu yanaikumbuka. Barabara inajipinda, kisha inakuwa njia, kisha inakuwa ngazi za udongo na magunia ya mchanga. Nyumba zimeshikana hivi kwamba moto ukianza kwa jirani unafika kwako kabla hujatoa godoro, na Kadutu imeungua mara nyingi. Mvua nayo ikija, mlima unateleza na nyumba. Tulipishana na akina mama wabebaji, wamefunga kamba kwenye paji la uso, mgongoni gunia lililowazidi upana, wanapanda bila kusimama kwa ujira ambao sitaki hata kuutaja. Mmoja alipumzisha mzigo ukutani, nikamsalimia, “Jambo mama, pole na kazi.” Akajibu, “Aksanti. Unatoka wapi?” Nikamwambia Kirotshe. Akauliza kama huko maji ya kuteka ni ya kununua. Nikasema hapana, ya ziwa ni ya kila mtu, ya bomba yakiwapo ni bahati. Akatingisha kichwa. Pale alipokuwa amesimama ziwa lilionekana lote, kubwa, linang'aa, na nyuma yake watoto walikuwa wamepanga mabido ya njano kwenye bomba lililokauka.

Sijawahi kuona jambo linalouma namna hiyo na likiwa wazi namna hiyo. Mtu anaishi juu ya ziwa, analitazama kila siku anapofua, na kulishika hawezi.

Kutoka juu tulifuata maji kushuka. Kahuwa ni kijito tu, lakini kinakusanya kila kitu cha mlimani: maji ya kufulia, maganda, kinyesi, na hasa chupa na mifuko ya plastiki. Kijana alitaka nione, kwani ndilo somo lake la kuandikia kazi ya kumaliza chuo. Mfereji wa juu unaingia mfereji wa chini, wa chini unaingia Kahuwa, Kahuwa inaingia ziwani, na ziwa, kwa kuwa mlango wake wa kutokea uko hapo hapo mjini, linaupeleka uchafu huo Ruzizi.

Tukashukia Muhanzi. Huko, mwishowe, ziwa limefunguka. Pinasi za Idjwi na Kalehe zilikuwa zinapakua mananasi, makaa, mbao, mikungu ya ndizi. Wachukuzi wanaingia majini hadi kiunoni. Wanawake wanagombania beseni za sambaza kabla hazijatua chini. Watoto wanaogelea kati ya mitumbwi. Panateleza, panatoa harufu, panahitaji gati la maana na vyoo. Hata hivyo nilijisikia nimefika nyumbani. Tulikula sambaza wa kukaanga kwa bugali wa muhogo na pilipili, tumekaa juu ya mbao, na sijala chakula kizuri kuliko hicho Bukavu.

Mwenye pinasi ndogo alikubali kutuzungusha rasi hadi karibu na mtokeo wa Ruzizi, si zaidi, maana katikati ya mto ni mpaka na askari wa pande zote mbili wanatazama. Safari hii nilikuwa nimekwisha kupanda Kadutu, nami niliziona zile bustani za ufukweni kwa macho mengine. Kutoka majini nilihesabu kuta, si maua. Kila ukuta ulioingia ziwani nilijua umekata njia ya mtu fulani ambaye zamani angeshuka na ndoo. Mwenye pinasi alinionyesha mahali alipokuwa akitua utotoni kuuza samaki. Sasa pana geti la chuma, na ngazi za mawe zimebaki ndani yake. Hakusema kwa hasira. Alipunguza injini tu, tukapita polepole.

Ukikaribia Ruzizi unaanza kuusikia mvuto. Maji yaliyokuwa yamelala tangu Goma yanaamka, uso wake unakunjamana kuelekea upande mmoja. Na juu yake, siku ile, lilikuwa limetanda zulia la chupa, kandambili na mifuko, likisogea pamoja nasi. Hapo ndipo maji ya ghuba yetu ya Kabuno nayo hutokea, baada ya safari yake ndefu ya polepole.

Tuliteremshwa, tukamalizia kwa miguu hadi darajani. Upande wa pili ni Rwanda, na wanawake wenye vikapu walikuwa wanavuka na kurudi, biashara ndogo ya nyanya, unga na samaki ambayo hata vita vimeshindwa kuikata kabisa. Kilomita chache chini ya daraja liko bwawa la Ruzizi ya kwanza, lililoanza kutoa umeme mwishoni mwa miaka ya 1950. Chini zaidi liko la pili, la mwaka 1989, linalogawia Kongo, Rwanda na Burundi. Plastiki ya Bukavu hufika hapo ikaziba vichujio, ikaingia hadi kwenye mitambo, mtambo ukasimama, na Bukavu ikaingia gizani. Wafanyakazi wanaitoa kwa mikono na kwa vijiko vya mashine, tani kwa tani, na mvua ya kesho yake inaleta nyingine. Yule mama wa Kadutu hana mahali pa kutupia taka, kwa hiyo anatupa mferejini. Na taa yake inazimika kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye ghorofa la ufukweni ana jenereta.

Nilimuuliza kijana angefanya nini kama mji ungekuwa wake. Nilidhani atasema mapipa ya taka, au faini. Akasema, “Mama mdogo, ningefungua ufukwe kwanza. Mtu hawezi kulinda ziwa ambalo haruhusiwi kulifikia.” Nakubaliana naye, na ningeongeza njia ya miguu kutoka bandarini hadi hapa darajani, ipite mbele ya kila nyumba, iwe ya mkubwa au ya mdogo, yenye miti na mabenchi, ili mwanafunzi wa Bagira na mgeni wa Kirotshe wapite kando ya maji bila kuomba ruhusa. Miji mingine yenye maziwa imefanya hivyo. Ardhi ya kuifanyia bado ipo, kwa vipande.

Vipande hivyo ameanza kuviandika. Jioni, kwa dada yangu huko Nguba, alinifungulia daftari lake: Muhanzi, bandari, uchochoro wa nyuma ya kituo kimoja cha mafuta, ngazi zilizobaki wazi kwa sababu warithi wanashtakiana, kiwanja cha kanisa ambacho padri hajakifunga. Ameandika upana wa kila upenyo kwa hatua zake na nani anautumia, saa gani. Upande wa Bagira ulikuwa bado kurasa tupu, basi tukapanga kuondoka alfajiri, kabla jua halijawa kali, dada akatufungashia viazi vya kuchemsha.